Shajara ya bwawa letu la faiba Malindi: maji ya juu na maji ya chini

Januari, kaskazi inavuma

Tumeamua bwawa letu la kuogelea liwe la faiba, na ntaandika hapa kila hatua manake nilipokuwa natafuta habari za bwawa la faiba kwa hii pwani yetu sikupata mtu amezieleza kwa Kiswahili, wengi wana mabwawa ya zege na ushauri wao wote ni wa zege.

Nyumba yetu ya wageni ni ndogo, iko huku Casuarina, si ufukweni kabisa ila usiku mawimbi wayasikia. Wageni wanaulizia bwawa kila msimu, na wana haki, kwa sababu mvua zikinyesha bara Sabaki inashusha tope baharini na maji ya Malindi yote yanakuwa mekundu ya udongo, wiki baada ya wiki, hakuna anayetaka kuingia. Alafu kuna sababu yangu mie mwenyewe. Wasichana wa hapa mtaani wamezaliwa na bahari iko pale na wengi hawajui kuogelea hata kidogo, kaka zao ndo wanajua, na mama zao hawataki watoto wa kike wajifunze ufukweni mbele za watu. Ndani ya ua wangu wataweza. Hilo nalitaka sana kuliko hata wageni.

Kwa nini faiba na sio zege: ganda linakuja kipande kimoja, limetengenezwa kwenye kalibu, safu ya kwanza ni jelikoti ile laini unayoigusa, nyuma yake ni rezini na nyuzi za kioo safu kwa safu. Haina vitundu kama plasta, kwa hivo mwani haupati pa kushika na klorini inayotumika inapungua. Halina nondo za kushika kutu kwa hii hewa ya chumvi. Ubaya wake ni kwamba umbo huchagui, unachukua lililoko, na upana unapangwa na barabara manake lazima lipite juu ya lori. Letu ni mita 7 kwa 3.5, kina kinaanzia mita 1.1 hadi 1.7, kwa wastani 1.4, ukizidisha ni kama lita 34,000.

Na ubaya wa pili, ambao ndo shajara hii yote itauzunguka: ganda ni jepesi. Halifiki hata tani moja. Kinacholiweka chini ni maji yaliyomo ndani.

Wiki iliyofuata

Kabla ya kulipa hata shilingi ya ganda nimemwita mzee mmoja mchimba visima wa hapa karibu tuchimbe shimo la kupimia. Fundi plamba aliona nachelewesha kazi. "Mama, hapa ni mawe matupu, maji yatoke wapi?" Mzee akamwambia, "Mwanangu, jiwe la tumbawe lina matundu, bahari inapita ndani yake unapotembea." Na ndivo ilivo. Malindi tumekaa juu ya mwamba wa tumbawe, na ukiwa karibu na pwani maji ya kisima yanapanda na kushuka kufuata bahari, si sana ila yanafuata, hasa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari yetu inapojaa na kupwa kwa tofauti ya zaidi ya mita 3.

Kwa hivo tumechimba kwa mtaimbo na sururu hadi tukafika maji, nkatumbukiza ufito niliouwekea alama kwa kisu kila sentimita 10. Siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, ufito umelowa kuanzia mita 2.3 kwenda chini. Nkangoja bamvua, nkapima saa bahari imejaa na baadae tena kidogo manake maji ya ardhini yanachelewa nyuma ya bahari, ufito ukalowa kuanzia 2.1. Hapo ni kaskazi, kiangazi, ardhi kavu. Masika yatapanda zaidi. Ganda letu litakaa chini mpaka kama mita 1.8 ukihesabu na kitanda cha kokoto.

Hesabu ambayo kila mwenye bwawa la faiba anafaa aijue kichwani: sakafu ya ganda letu ni kama mita za mraba 19. Maji ya ardhini yakishagusa sakafu yote na bwawa likawa tupu, kila sentimita 10 yanazopanda ni karibu tani 2 zinasukuma kwenda juu. Ganda lenyewe halina hata tani moja. Litanyanyuka, hakuna mjadala.

Tumeamua kuendelea lakini kwa masharti: kazi ya kuchimba na kushusha ganda ifanyike Februari, kiangazi, na siku za maji mafu.

Februari

Shimo. Tumbawe la juu ni gumu kama ulivozoea, ukishalipasua chini kuna tifutifu na vipande vya kome. Tumechimba upana wa zaidi, karibu nusu mita kila upande, ili mtu apate kusimama na kushindilia. Vijana wamefanya kazi nzuri sana, walianza alfajiri wakapumzika adhuhuri jua likiwa utosini, wakarudi alasiri.

Kitanda: kokoto ndogo safi, sio mchanga. Hapa nlibishana na watu wengi. Mchanga ukilowa unatembea, ukitembea ganda linabaki halina pa kukalia upande mmoja na linapinda. Kokoto zikishalala zimelala, na maji yanapita katikati yake bila kuzisogeza. Lori la kokoto limetoka Jaribuni, tumezitandaza sentimita 15 na kuzisawazisha kwa ubao mrefu na pimamaji, na pembeni tukatumia mpira mwangavu wenye maji kulinganisha kona na kona. Ukikosea hapa utaliona kosa maisha yako yote manake maji hayadanganyi, yatakuwa yamejaa upande huu na upande ule ukingo uko wazi.

Kwenye kona ya upande wa kina kirefu tumesimamisha paipu ya inchi 6, wima, kutoka chini ya kitanda hadi juu ya ardhi, imetobolewa tobo chini na kuvikwa kitambaa cha kuzuia uchafu, juu ina kifuniko. Hii ndo paipu ya kuchungulia. Unafungua kifuniko, unatumbukiza ufito, unajua maji ya chini yamefika wapi, na yakizidi unashusha pampu ndogo ya kuzamisha unayavuta. Fundi mmoja aliniuliza kama ni lazima, gharama yake ni paipu moja na saa moja ya kazi, nkamwambia nitakuwa na vyote ila hiyo paipu nisiwe nayo basi sitaki bwawa.

Ganda limeletwa

Limetoka Mombasa usiku, lori likapita Mtwapa kabla ya foleni kuamka, na asubuhi lilikuwa limefika geti letu. Watoto wote wa mtaa wako ukutani. Kreni ikalinyanyua kwa mikanda minne likapita juu ya mti wa mwarobaini, na hapo moyo wangu ulikuwa mdomoni manake upepo wa kaskazi ulikuwa unalisukuma taratibu linazunguka, vijana wameshika kamba kila kona wanalirudisha. Likatua. Pimamaji ikawekwa pande zote. Tofauti ya juu kabisa ilikuwa chini ya sentimita moja. Alhamdulillahi.

Kabla kreni haijaondoka nlipita nalo ganda lote kwa mkono, ndani na nje, kutafuta ufa. Nje, nyuma ya ngazi, nkakuta safu ya nyuzi imekwaruzwa na mkanda lakini haikuingia ndani. Tumeipiga picha, na aliyelileta akaikubali na kuipaka rezini pale pale.

Kujaza ndani na nje pamoja

Hii ndo kazi ya uvumilivu. Unajaza maji ndani na kokoto nje kwa pamoja, pole pole, maji yasiizidi kokoto wala kokoto isiyazidi maji kwa zaidi ya sentimita 30 hivi. Ukijaza maji peke yake kuta zinatoka tumbo kwenda nje, ukijaza kokoto peke yake zinaingia ndani. Kwa hivo ni bauza la maji, kisha wilibaro za kokoto, kisha kushindilia kwa mti, kisha maji tena. Paipu za inchi mbili za skima, kile kidirisha cha ukutani kinachovuta uchafu wa juu ya maji, na za kurudishia maji zilishaunganishwa na tukazipima kwa presha kabla hazijafunikwa, geji ikakaa pale pale usiku kucha haikushuka, ndo tukafunika.

Kuhusu maji: kisima chetu sikukitumia kujazia. Nlipima ugumu wake ukaja zaidi ya 600 ppm, yaani miligramu kwa lita, ni maji yaliyotoka ndani ya tumbawe, yamejaa chokaa, na yana chumvi kidogo. Ukiyatia kwenye bwawa utapata ukoko mweupe kwenye mstari wa maji, ule ule unaoganda ndani ya birika, na kwenye jelikoti ukoko ukishashika kuutoa bila kukwaruza ni shida. Kwa hivo ni maji ya bomba yale ya Baricho, mengine ya bauza. Ghali mwanzo, lakini unajaza mara moja, na kama mambo yataenda ninavotaka hili bwawa halitamwagwa tena.

Machi

Mkanda wa zege umemwagwa kuzunguka ukingo wote ukashikana na mdomo wa ganda, huo pia unasaidia kulishika chini ingawa usiutegemee peke yake. Juu tumetandika mawe ya Galana, hayatelezi mguu ukiwa umelowa na hayachomi sana saa nane mchana. Uzio mita 1.2 kwenda juu, geti linajifunga lenyewe, latchi iko juu mtoto mdogo hafikii. Hilo sikulijadili na mtu.

Chumba cha pampu: pampu ya hospawa moja, inavuta kama mita za ujazo 10 kwa saa, filta ya mchanga, valvu ya njia sita. Lita 34,000 kwa pampu hiyo ni saa tatu na nusu maji yote kupita kwenye filta, kwa hivo naiendesha kama saa saba, maji yanapita mara mbili. Unit za stima ni kama 7 kwa siku, tokeni inakwenda mbio kweli, sola ipo kwenye mpango. Geji ya presha, filta ikiwa safi, inasoma psi 12, nimeiandika kwa rangi ukutani. Ikifika 20 au 22 ndo unaosha filta kwa kugeuza maji, si kabla. Watu wanaosha kila siku wakidhani ndo usafi, kumbe mchanga wenye uchafu kidogo unachuja vizuri zaidi kuliko mchanga mtupu, na kila ukiosha umemwaga maji ya pesa.

Dawa. Nimepima asubuhi na jioni mpaka nimeyajua maji yangu. Klorini iwe kati ya 1 na 3 ppm, pH 7.2 hadi 7.6, ualkali, ule unaoizuia pH isiyumbe, 80 hadi 120, stebilaiza, dawa inayoikinga klorini na jua, 30 hadi 50. Kwa bwawa letu kupandisha klorini kwa 1 unahitaji gramu 34 za klorini yenyewe, na unga unaouzwa huku ni wa asilimia 65, kwa hivo ni gramu 52 hivi. Nimenunua mizani ya jikoni ya kazi hiyo tu. Bekin soda, kupandisha ualkali kwa 10 ni kama gramu 570.

Na kwa faiba kuna adabu zake. Unga wa klorini usiumwage mkavu ndani, unazama unakaa sakafuni na unachubua rangi ya jelikoti, unaukoroga kwanza kwenye ndoo yenye maji, maji kwanza dawa baadae, kisha unaumwaga mbele ya pale maji yanaporudi kwa nguvu pampu ikiwa inakwenda. Vidonge visiwekwe kwenye ngazi, vikae ndani ya kibuyu chake kinachoelea. Brashi ni ya nailoni, ya waya usiiingize hata getini. Na tafadhali sana, unga wa klorini na vidonge visikutane kwenye chombo kimoja hata kijiko kisitumike kwa vyote viwili, vinaweza kushika moto vyenyewe, na asidi ikae mbali kabisa na klorini manake ikichanganyika inatoa gesi ya sumu. Huku kwetu hewa ina unyevu, mkebe ukiachwa wazi usiku tu unga umeshavuta maji.

Mei, masika

Mvua. Usiku wa leo ndoo niliyoiacha uani imeingia maji ya kina cha kidole. Mvua ya milimita 100 ni lita zaidi ya 2,400 zinaingia bwawani peke yake, klorini inazimuliwa, ualkali unashuka, kila ikikatika napima na kurudisha.

Lakini macho yangu yako kwenye paipu ya kona. Leo ni bamvua na mvua pamoja, nimefungua kifuniko nkatumbukiza ufito: maji yako mita 1.4 kutoka juu. Yaani upande wa kina kirefu yamepanda juu ya sakafu ya ganda kwa kama sentimita 30, yanasukuma kwa nguvu inayozidi uzito wa ganda lenyewe. Na bwawa limejaa, limekaa kimya, kwa sababu maji yaliyo ndani ni mengi na yako juu zaidi ya yale ya nje. Nimesimama na mwavuli pale nkaona kila shilingi ya ile paipu na kila siku tuliyongoja maji mafu.

Kwenye nyumba moja upande wa pwani yetu, bwawa lao la faiba limenyanyuka wiki hii. Walilimwaga wasafishe sakafu, ndivo walivozoea kwa bwawa la zege walilokuwa nalo zamani, wakaacha tupu usiku mvua ikaja. Asubuhi upande mmoja umetoka juu ya mawe kwa zaidi ya futi, paipu zimekatika, ganda lina ufa. Nimeenda kumpa pole mlinzi wa nyumba, amehuzunika sana, amefanya alivoambiwa. Tafadhalini wenye mabwawa haya, waambieni wanaowafanyia kazi. Mtu wa kusafisha akija na neno "tumwage" usimwachie hata atoe mpira kwenye gari.

Julai, kusi

Kusi inavuma kwa nguvu, majani ya mvinje yale membamba kama sindano yanapita kila wavu. Asubuhi kwanza kikapu cha skima, bila hivo pampu inakosa maji inapiga kelele. Nimekata kipande cha soksi ndefu nyepesi nkakivisha kikapu, kinashika hata vumbi, unakifua unarudisha.

Madoa. Kwenye ngazi ya pili limetokea doa la hudhurungi, jembamba, limepinda katikati. Nimekaa nkaliangalia kwa karibu, ukubwa wake na umbo lake ni wa kibanio cha nywele, na ni kweli wasichana wanaojifunza kuogelea walikuwa hapo wiki nzima na vibanio vyao. Kimoja kimezama kikashika kutu, pampu ikakisukuma mbali na doa likabaki. Fundi wa mabwawa wa hapa mjini nliyempigia simu akasema mara moja, "Bi, tumwage nusu tusugue na sanpepa." Hapana. Nimeenda duka la dawa nkanunua vidonge vya vitamini C, nkapiga mbizi na kimoja nkakibonyeza juu ya doa kama sekunde 30. Nkakiondoa. Pale kilipokuwa pamebaki peupe kabisa, mviringo safi wa ukubwa wa kidonge. Kama doa linapotea kwa vitamini C ni la chuma, lingekuwa la majani lingetoka kwa klorini. Nimemaliza mkanda wa vidonge, ngazi imerudi ilivokuwa, hakuna lita moja iliyomwagwa. Wasichana sasa wanavaa kofia za kuogelea, na vibanio vinabaki kwenye kikombe mlangoni.

Wanakuja Jumamosi baada ya madrasa. Mwalimu wao ni mwanamke wa hapa hapa, ua umefungwa, wanaume wa nyumba wanatoka. Wa kwanza ameshaelea peke yake mgongoni, mikono kaitandaza, hajashikwa na mtu. Mama yake alikuwa kwenye baraza akasimama.

Septemba

Klorini "inanuka" wageni wamesema, wakataka tupunguze. Nimewaeleza kwa heshima kwamba bwawa likinuka vile kwa kawaida sio klorini nyingi, ni klorini iliyoshikana na jasho, mkojo na mafuta ya mwili ikachoka, na dawa yake ni kuongeza sio kupunguza. Jioni jua lilipozama nimepiga dozi kubwa, usiku manake jua lenyewe linaila klorini, nkaacha pampu ikenda hadi asubuhi na bwawa limefungwa mpaka kipimo kiliporudi 3. Harufu imeisha. Na bomba la kuoga sasa liko njiani, huwezi kufikia bwawa bila kulipita, mafuta ya nazi na losheni ya jua vinaacha mstari wa grisi kwenye jelikoti, unautoa kwa sponji laini na bekin soda.

Stebilaiza imefika 70. Hii inatoka kwenye vidonge, kila kidonge kinaongeza na haipotei na jua, na ikizidi klorini inakuwepo kwenye kipimo lakini haina nguvu. Njia ni kubadilisha maji sehemu. Nimesubiri maji mafu, nkachungulia paipu nkakuta maji yako chini kabisa ya sakafu, nkatoa sentimita 30 tu, nkajaza, baada ya wiki nkarudia. Imerudi karibu na 45. Kwa sasa vidonge ni vya safari tu, siku zote natumia unga.

Oktoba

Kiti cha chuma kiliangushwa na upepo kikakwaruza ukingo wa ndani, juu kidogo ya maji, jelikoti imetoka vipande hadi nyuzi zaonekana. Ukiliacha maji yanaingia nyuma ya jelikoti na baada ya muda inavimba malengelenge. Sikuita mtu wa mabwawa. Nimekwenda kule wanakotengenezea boti za faiba za wavuvi, nkamleta fundi wa boti, kijana mpole, mikono yake imejaa alama za rezini kavu. Akaangalia akasema, "Hii ni boti tu, Mama, imegeuzwa maji yako ndani." Ndivo hasa.

Tulishusha maji kidogo zaidi, yasiufikie mkwaruzo. Akasugua hadi pakafika pazima, akapafuta kwa asetoni, akasubiri pakauke kabisa, akachanganya rezini na hadina kwenye kopo. Hadina kidogo sana, asilimia moja hivi, kwa joto la Malindi ukizidisha inaganda kopo bado liko mkononi. Kipande cha mati ya nyuzi za kioo, brashi ya kuzima mapovu kwa kuchoma choma, alafu jelikoti ya rangi ile ile na karatasi ya plastiki juu yake ili ikauke bila kunata. Baadae sanpepa ya maji, laini na laini zaidi, na polishi. Ukipitisha kidole husikii kitu. Kazi ya asubuhi moja, na bei yake ndogo kuliko niliyotajiwa na wengine wote.

Novemba

Maji yanapungua. Kabla ya kumwita mtu kutafuta uvujo nimefanya kipimo cha ndoo: ndoo imejazwa maji ya bwawa, imewekwa juu ya ngazi, alama ndani ya ndoo na alama nje kwenye ukuta wa bwawa, pampu imezimwa, saa 24 hakuna anayeingia. Yote mawili yakishuka sawa ni jua na upepo. Bwawa likishuka zaidi ya ndoo ni uvujo. Yameshuka sawa sawa, milimita 6 kote. Milimita 6 kwa eneo letu ni lita karibu 150 kwa siku, nayo ni mengi, kwa hivo nimeagiza turubai la kufunika usiku, litapunguza.

Paipu ya kuchungulia nimepima tena, vuli hii haikuwa kubwa, maji ya chini yako mita 1.9. Nimemfundisha mpwa wangu kupima, ana daftari lake, tarehe, mwezi umefika siku ya ngapi, kina. Amechora mstari wake na bamvua zaonekana wazi mstari unapanda na kushuka. Mzee mchimba visima alipita akaliangalia lile daftari muda mrefu, akamwambia kijana aongeze na siku za mvua.

Yaliyobaki kabla ya wageni wa Desemba: sili ya pampu imeanza kutoa tone, nimepata nyingine ya ukubwa ule ule Mombasa, inakuja na matatu Alhamisi. Skrubu za bawaba za geti zimeshika kutu, zibadilishwe ziwe za chuma kisichoshika kutu kabla geti halijaanza kugoma kujifunga. Na turubai likifika lipimwe kwanza kabla ya kulipia salio, kona za bwawa letu ni za mviringo na nimewaambia hivo kwa maandishi.